Bia ya kwanza yenye ladha: shandi, tufaha, mbege au kimea kisicho na kilevi?

Kila Desemba, mabasi yanapowarudisha Wachagga nyumbani, huwa naulizwa swali lilelile na vijana wa ukoo wetu. Mtu ameshakuwa mtu mzima, hajawahi kunywa bia, ameketi mezani na wakubwa ambao kila mmoja ana chupa yake, naye hajui aombe nini. Mwaka juzi aliyekuwa katika hali hiyo ni binti wa shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 24, siku ya pili ya Krismasi huko Kibosho. Baba mdogo wangu, ambaye kwake ni mjomba, alimwekea mbele bia ya kawaida ya mililita 500. Alipiga funda moja, akakunja uso, akairudisha chupa mezani kwa adabu. "Mjomba nisamehe, hii ni chungu mno," alisema. Ndugu mwingine, kwa nia njema kabisa, akamletea chupa ndogo yenye ladha ya matunda, na kwa kuwa ilishuka kama soda, ikafuatwa na ya pili na ya tatu kabla nyama haijaiva. Jioni ile nilikaa naye nyuma ya nyumba, penye migomba, nikimpa maji kidogo kidogo huku akitapika na kuomba radhi kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba tunawaelekeza vibaya wanaoanza. Tunawauliza kama wanataka kitamu, wakati tungepaswa kuwauliza ni kitu gani hasa katika bia kinachowashinda, kwa sababu kila kinywaji chenye ladha huondoa kero moja na kuleta nyingine. Hapa chini ninalinganisha njia nne ambazo mtu wa Moshi au Arusha anaweza kuzipata bila kuhangaika. Ninawaandikia waliotimiza miaka 18 na ambao wameshaamua wenyewe kuonja. Asiyetaka kunywa hana haja ya kushawishiwa na mtu yeyote.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni uchungu. Wengi hudhani kwamba uchungu wa bia ni kilevi chenyewe, lakini sivyo: unatokana na maua ya mmea uitwao hopsi, ambayo huchemshwa pamoja na maji ya kimea cha shayiri, yaani punje zilizooteshwa na kukaushwa, kabla hamira haijatiwa. Kwa hiyo bia inaweza kuwa chungu sana na isiwe kali, na inaweza kuwa tamu kabisa ilhali ina kilevi kingi. Anayeshindwa na uchungu anahitaji kinywaji chenye hopsi kidogo au kisicho na hopsi kabisa, na anayeshindwa na harufu ya kimea anahitaji kitu kingine tofauti. Kuna pia wanaosumbuliwa na gesi tu. Hao wamiminie kinywaji kwenye glasi na kukiacha kitulie kwa dakika chache, na mara nyingi tatizo lao huishia hapo.

Kigezo cha pili ni utamu. Sukari huficha ukali wa kilevi, na ulimi uliozoea soda hauna namna ya kukuonya. Hilo ndilo lililomkuta binamu yangu, na ndiyo sababu kigezo cha tatu, yaani nguvu, lazima kipimwe kwa hesabu na si kwa kuonja. Chukua ujazo ulioandikwa kwenye lebo, uuzidishe kwa asilimia ya kilevi. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi, sawa na takriban gramu 20. Chupa ndogo ya mililita 330 yenye asilimia 6 ina karibu mililita 20. Ndogo hiyo, pamoja na utamu wake, inabeba karibu asilimia 80 ya kile kilichomo katika chupa kubwa, na chupa tatu ndogo zinazidi mbili kubwa. Ini la mtu mzima wa kawaida huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na wala kahawa wala maji ya baridi hayaongezi kasi hiyo.

Vigezo vilivyobaki ni kama kinywaji kinapatikana kirahisi na unaweza kujua kilichomo ndani yake, na kama kinakubalika kwenye meza utakayoketi. Hiki cha mwisho kinaonekana kidogo lakini kina uzito kwa mgeni wa bia, kwani anayejihisi anatazamwa hunywa haraka ili amalize aibu yake.

Bia ya limau, au shandi ya kuchanganya mwenyewe

Njia hii ina sura mbili. Ya kwanza ni bia iliyotiwa ladha ya limau kiwandani, kama Flying Fish yenye asili ya Afrika Kusini. Ya pili ni shandi, yaani bia ya kawaida inayochanganywa na soda kwenye glasi. Waingereza wanayo yao, na Wajerumani wa upande wa Bavaria wanayo waliyoipa jina la Radler, maana yake mwendesha baiskeli.

Kwa upande wa uchungu, bia ya limau ya kiwandani ni laini kuliko bia ya kawaida ingawa bado unaitambua kuwa ni bia, kwa sababu shayiri na hopsi zimo. Ukali wa limau huukata uchungu badala ya kuuzika chini ya sukari. Utamu wake ni wa wastani, na nguvu yake kwa kawaida haiko mbali na ya bia nyepesi, hivyo lebo isomwe kama ilivyoelezwa. Asiyependa harufu ya kimea hatapata nafuu kubwa hapa.

Shandi ya kuchanganya ina faida ambayo hakuna chupa ya dukani inayoweza kuishinda: nguvu yake inaamuliwa na mkono wako. Chukua bia ya Kilimanjaro, ambayo ina asilimia 4.5 ya kilevi, mimina mililita 125 kwenye glasi, kisha ongeza kiasi hichohicho cha Sprite. Umepata glasi ya robo lita yenye asilimia 2.25 tu, na kilevi ulichoingiza ni robo ya kile kilichomo katika chupa nzima ya mililita 500. Glasi inayofuata unaweza kupunguza soda kidogo, na inayofuata ukapunguza tena, hadi ujue uchungu unaoweza kuuvumilia unaishia wapi. Wanaopenda viungo watumie Stoney Tangawizi badala ya Sprite. Tangawizi hufunika harufu ya kimea vizuri kuliko limau, na kwa maoni yangu ndiyo shandi bora zaidi kwa jioni za baridi za Juni na Julai. Vyote viwili viwe vya baridi, bia imiminwe kwanza kwa kuinamisha glasi, na soda ifuate taratibu, la sivyo utakunywa povu.

Upatikanaji wake hauna mfano. Arusha kuna kiwanda cha bia cha TBL, Moshi kuna kiwanda cha bia cha Serengeti, na soda za Coca-Cola zinajazwa hapahapa Moshi na Bonite, kwa hiyo hakuna baa ya huku kwetu itakayokosa bia na soda. Mezani nayo haina shida: chupa iliyo mbele yako ni bia kama ya wenzako, na hakuna anayehesabu ulichoongeza kwenye glasi. Hasara yake ni sukari ya soda, ambayo mwenye kisukari hapaswi kuichukulia kwa wepesi, na pia kwamba utalipia vinywaji viwili.

Tufaha: saida, na vinywaji vya kimea vyenye ladha

Kwenye friji za baa chupa hizi husimama pamoja na watu huziita kwa jina moja, lakini ni vitu viwili. Saida ni maji ya tufaha yaliyochachushwa. Haina shayiri wala hopsi, na kwa maana kamili si bia. Mfano unaojulikana zaidi kwetu ni Savanna ya Afrika Kusini, ile inayoletwa na kipande cha limau shingoni mwa chupa. Aina ya pili ni vinywaji kama Redd's, ambavyo vimetiwa ladha ya tufaha na vinauzwa kwa watu walewale wasiopenda uchungu.

Uchungu haupo, au ni mdogo kiasi cha kutotambulika. Kwa anayeshindwa na harufu ya kimea, saida ndiyo jibu la moja kwa moja, na kwa mtu ambaye tumbo lake halipatani na ngano na shayiri ni salama zaidi kuliko bia ya kawaida ya shayiri. Utamu unatofautiana: kuna saida kavu, yenye ukali wa tunda bichi, na kuna tamu sana. Mimi humshauri anayeanza achukue kavu, kwa sababu ukali wake humfanya anywe kwa funda ndogo.

Tahadhari yangu kubwa iko kwenye nguvu. Saida nyingi zina kati ya asilimia 4.5 na 6, maana yake zinaweza kuizidi bia nyingi ya kawaida, na zimo kwenye chupa ndogo inayoisha kabla mazungumzo hayajakolea. Sisemi kwamba ni kinywaji kibaya. Anayekunywa chupa moja kwa saa nzima, akiwa ameshakula, atafurahia ladha safi isiyo na kero hata moja ya bia. Hatari ni kukichukulia kama soda, na hapo hata waliozoea huteleza.

Vinapatikana kwenye baa nyingi za mjini, hoteli na supamaketi, ingawa ukipanda vijijini, kwenye duka la kreti chache, huenda ukavikosa. Bei kwa kila mililita mara nyingi huwa juu ya ile ya bia ya kawaida. Kuhusu meza, bado kuna watu wanaoviita vinywaji vya akina dada. Kauli hiyo imewaumiza wote: vijana wa kiume walioshindwa na uchungu wakalazimika kunywa bia kali wasiyoipenda, na wasichana waliopewa vinywaji hivyo kwa kudhaniwa kuwa ni vyepesi. Chupa haina jinsia, ina asilimia.

Mbege

Huenda ukashangaa kuikuta mbege katika ulinganisho huu, lakini ni bia yenye ladha ya tunda, na ilinywewa kwenye miteremko hii kabla ya kiwanda chochote kujengwa. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zibadilike rangi na kuwa za hudhurungi, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke, na maji yake huchujwa. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji, na uji huo ukishachanganywa na maji ya ndizi, mbege huwa tayari kwa muda wa siku moja hivi. Pale ambapo mtengeneza bia wa Ulaya angetia hopsi, mama wa Kichagga hutia gome la msesewe. Nimekuwa nikisimama jikoni kwa shangazi tangu utotoni nikimtazama akivunja vipande vya gome hilo kwa vidole, akivinusa, akirudisha kimoja kwenye kikapu na kutia kingine. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba msesewe ukizidi wageni watamaliza chakula waache pombe.

Uchungu wa mbege, basi, unategemea mkono wa aliyeipika, na hukaa nyuma ya ulimi badala ya mbele. Utamu wake hubadilika kwa saa. Inaponyweka siku ya kwanza bado ina utamu wa ndizi, kesho yake huwa chachu, na keshokutwa wapo wanaoipenda hivyo lakini wewe unayeanza hutaipenda. Ukitaka kuijaribu, uliza imeiva lini. Mtu aliyeonja ya siku ya tatu akasema hapendi mbege, bado hajaijua.

Kwa nguvu, hakuna lebo, na huo ndio udhaifu wake mkubwa katika ulinganisho huu. Kwa kawaida haizidi bia ya chupa, na uji wa ulezi hushibisha haraka, hivyo ni vigumu kuinywa kwa pupa. Lakini inaendelea kuchachuka ikiwa kwenye ndoo, na ya jioni si ile ya asubuhi. Isidhaniwe pia kuwa ni sawa na divai ya ndizi ya chupa inayotengenezwa Arusha, ambayo nguvu yake ni ya divai na si ya bia, na ambayo sitamshauri mtu aianzie. Mwonekano nao unahitaji maandalizi ya moyo: ni nzito, ina punje za ulezi zinazoelea, na haina gesi kali, jambo ambalo kwa waliochoshwa na gesi ni faraja.

Upatikanaji wake unategemea watu unaowajua kuliko fedha. Kibosho, Marangu, Machame na Old Moshi utaipata siku za shughuli na kwenye vilabu, na mjini Moshi pia, ila inywe mahali unapojua mpishi na maji aliyotumia. Kwa desturi mwenyeji huonja kwanza, kisha chombo hupita kuanzia kwa wazee. Desturi hii inamfaa anayeanza kuliko watu wanavyofikiri: unapokea kata kwa mikono miwili, unapiga funda moja, unashukuru na kumpa wa jirani yako. Umeshiriki kikamilifu, na hakuna chupa nzima inayokungojea uimalize. Mezani pa ukoo sijaona kinywaji kinachoheshimika zaidi. Kwenye baa ya mjini Arusha pamoja na wafanyakazi wenzako, kwa upande mwingine, hutaikuta kabisa.

Kimea kisicho na kilevi

Hii nitaieleza kwa ufupi kwa sababu haina fumbo. Bavaria ya Uholanzi yenye ladha ya tufaha na matunda mengine, pamoja na Grand Malt inayotengenezwa nchini, zinapatikana karibu kila duka la vinywaji. Uchungu ni mdogo, utamu ni mkubwa na sukari imo ya kutosha, nguvu ni sifuri, na chupa inafanana na bia kiasi kwamba mezani hakuna atakayekuuliza swali. Ni njia nzuri ya kujua kama harufu ya kimea ndiyo inayokushinda: ukiipenda Bavaria ya kawaida isiyotiwa matunda, tatizo lako na bia ni uchungu, nawe utaelewana na shandi, ukiichukia, usipoteze fedha kwenye bia ya limau, nenda kwenye tufaha. Hasara yake ni kwamba haikufundishi mwili wako unavyopokea kilevi, na ukihama kutoka hapo kwenda kwenye chupa yenye ladha inayofanana, utanywa kwa kasi ileile uliyoizoea.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Ukiwa unataka hatimaye kunywa bia ya kawaida pamoja na wenzako, anza na shandi na upunguze soda kwa hatua. Ukifika mahali pa kuiacha kabisa, jaribu kwanza bia nyepesi zenye asilimia 4 hivi kabla ya kugusa Safari, ambayo ina asilimia 5.5. Ukiwa huna nia yoyote ya kuupenda uchungu wala kimea, saida kavu inakutosha, na hakuna daraja unalopaswa kulipanda baada yake. Weka chupa ya maji kando yake, na usiagize ya pili kabla saa moja haijapita.

Mkwe mtarajiwa anayepelekwa Machame kwa mara ya kwanza, au aliyezaliwa mjini anayerudi kwa babu yake, afikirie mbege ya siku ya kwanza, funda moja moja. Anayetumia dawa, hasa metronidazole ambayo wengi huijua kama Flagyl, mjamzito, na anayeendesha gari au pikipiki usiku huo, wote wachukue kimea kisicho na kilevi. Kwa wenye kisukari hata hicho kisomwe lebo, na mara nyingi maji yatawafaa zaidi.

Mhudumu akikuuliza kama unataka ya baridi au ya moto, jibu ya baridi, hata kama wazee pembeni wanakunywa ya moto. Ubaridi hupunguza uchungu na utamu kwa pamoja, na kwa ulimi mgeni hilo ni msaada. Iombe itoke ndani ya friji na si kwenye rafu inayopigwa na jua, hasa ikiwa chupa ni nyeupe au ya kijani, kwa sababu mwanga huiharibu hopsi na kuleta harufu kama ya kicheche ambayo mgeni ataidhania kuwa ndiyo harufu ya bia.

Binamu yangu alirudi Kibosho Desemba iliyofuata. Baba mdogo alipomsogezea kreti, aliinua chupa, akaisoma lebo mbele ya wote, kisha akaomba glasi na Stoney moja. "Mjomba, nitakunywa nusu ya hii, nusu nyingine ni yako," alisema, na baba mdogo akasogeza glasi yake karibu.